Kiweo, Shira na Moto Mdogo

Krismasi iliyopita mpwa wangu anayeishi Marekani alimpigia simu bibi yake wa Kabambare, yaani mama yangu mzazi, amsimulie alichopika. Hakufika mbali. Lilikuwa paja la nguruwe lililotiwa chumvi na moshi kiwandani, likapakwa kitu kitamu chenye kung'aa, likaachwa saa nyingi katika sufuria ya umeme isiyojua haraka. Binti huyu anakisema Kiswahili cha nyumbani bila kigugumizi, lakini kila alipofika kwenye jina la kitu alitumbukia katika Kiingereza, na mama akawa anamvuta kurudi: "Mjukuu wangu, sema basi, ulipika nini?" Mwishowe akasema, "Nyama, bibi." Simu ikahamia kwangu, kwa kuwa katika ukoo mzima mimi ndiye ninayekula kwa maneno.

Swali la mama linastahili jibu refu kuliko lile nililompa siku ile. Ukiwauliza wasomi wa mjini watakuambia kwamba Kiswahili hakina majina ya vitu vya namna hiyo. Tuchukue tu ya Kiingereza, au huku kwetu Kongo ya Kifaransa, tuyavalishe irabu mwishoni na safari iendelee. Sina ugomvi na neno la mkopo. Sahani, sufuria, meza na bilauri ziliingia kwa mlango huohuo, na leo hakuna anayeziuliza pasipoti. Ninachogombana nacho ni tabia ya kwenda kukopa kabla ya kufungua sanduku la nyumbani. Na katika mambo ya jikoni sanduku la nyumbani limejaa, tena sehemu yake kubwa iko huku bara, Kasongo na Kabambare, kwa watu ambao Kiswahili chao kimezoea kuchekwa na watu wa pwani kabla ya kusikilizwa.

Tuanze na nyama. Kamusi za Kiswahili zinalo neno kiweo, maana yake paja la mnyama. Ni neno fupi, safi, na limelala. Ukimwomba muuza nyama kiweo cha mbuzi huenda akakukodolea macho. Ukimwomba paja atakukatia. Hata hivyo kiweo lina faida ambayo paja halina: paja ni la binadamu pia, na maelekezo ya mapishi yanayoanza kwa kuamuru msomaji achanje paja yanaweza kumtia mtu hofu. Neno hemu la Waingereza, jina la paja la nguruwe la namna hiyo, ukilifuata hadi Kiingereza cha kale, lilikuwa jina la kile kikunjo cha nyuma ya goti. Jambon la Wafaransa limezaliwa na jambe, mguu. Wote wawili walichukua jina la kiungo, wakaliacha liote maana ya pili, ya kiungo kilichohifadhiwa kwa chumvi. Sisi Wakongo tuliosomeshwa kwa Kifaransa tuna shida ya ziada: jambon likipita kwenye ulimi wa Kiswahili linabaki jambo, na mwenye kuagiza jambo mezani ajiandae kuulizwa ni jambo gani.

Hemu lenyewe liliingia Afrika Mashariki kama chakula cha walowezi. Kiwanda cha Uplands, karibu na Limuru nchini Kenya, kilikuwa kikigeuza nguruwe kuwa bekoni kwa meza za Wazungu. Mwaka 1947 wafanyakazi wake waligoma, polisi wakawafyatulia risasi, watu wakafa. Mpishi Mwafrika wa zama hizo alilipata jina la nyama kutoka kwa mwajiri, akalirudia jinsi alivyolisikia. Neno lililofika kwa njia hiyo lina harufu ya jikoni mwa bwana. Sioni sababu ya kulishikilia tukiwa na letu.

Kilichobaki ni kutenganisha kiweo kibichi na kile kilichohifadhiwa, na hapa Maniema, mkoa wa Kasongo na Kabambare, haina la kujifunza kwa kiwanda. Chumvi inavuta maji kutoka katika nyama. Moshi unakausha ngozi ya juu na kuzuia uozo. Nyama ya pori isiyoliwa siku ileile hupandishwa juu ya uchanja, moto wa chini unafuka usiku kucha, na kunapokucha nyama imekuwa nyeusi nje, nyekundu ndani, nyepesi mkononi. Watu wa pwani wana kitenzi chao kwa kazi hiyo, kubanika. Huku kwetu wengi wanasema kukausha tu, na kila mmoja anaelewa kwamba anayekausha ni moto na wala si jua. Kiweo cha chumvi na moshi: mama angekielewa kabla sijamaliza kusema.

Cha mnyama gani? Hapo ndipo mtu wa kwetu anaposhusha sauti. Kasongo ni kitovu cha kale cha Uislamu nchini Kongo, na tangu 1959 ni makao ya jimbo la Kikatoliki pia. Ukoo mmoja una Waislamu na Wakristo, msiba mmoja unawakusanya wote, na anayepika anajua ni chungu kipi kiguse nini. Kiswahili kinabeba heshima hiyo ndani yake. Tanzania wamebuni majina ya kuila nyama bila kuitaja: kitimoto, mdudu, mbuzi katoliki. La mwisho linanichekesha kila nikilisikia, maana limempa mnyama dhehebu lakini likamwacha mbuzi. Majina ya kujificha hayo hayafai kuwa istilahi. Ila mtunga istilahi asiyeyajua hajui kwa nini ukurasa wake wa mapishi unaweza kufungwa harakaharaka.

Jina la wazi nalo lina mambo yake. Pwani wanasema nguruwe. Mashariki ya Kongo utasikia pia ngulube. Wapo wanaodhani ngulube ni nguruwe aliyeharibiwa na watu wa bara. Ni kinyume. Lugha nyingi za Kibantu zimehifadhi ile b ya zamani, na pwani ndiko ilikolainika ikawa w. Anayesema ngulube ameshika sauti ya mababu. Ndivyo ilivyo pia kwa kukaranga, tunavyosema Wakongo wengi, dhidi ya kukaanga la kitabuni: konsonanti ya katikati imepotea pwani katika kitenzi, ikabaki salama katika jina karanga, ambalo kila Mswahili analitafuna bila kufikiri.

Lakini kilichomkwamisha mpwa wangu zaidi ni chombo. Kiingereza kimekiita kwa mwendo wake: chombo kinachopika polepole. Ukitafsiri neno kwa neno unapata mpishi polepole, na huyo tunamjua, ndiye aliyeajiriwa kwenye harusi wageni wakakaa hadi usiku wakinywa maji. Kiswahili hakipimi upishi kwa mwendo. Kinapima kwa moto. Moto mkali, moto wa wastani, moto mdogo, moto wa makaa, moto wa juu na chini: ndiyo saa na kipimajoto cha jikoni kwetu. Sikiliza mama akimwelekeza binti. Hasemi pika saa tatu. Anasema punguza moto.

Tazama jinsi moto unavyopunguzwa. Mafiga matatu, chungu juu, kuni tatu au nne zimeelekezwa katikati. Chungu kikianza kuchemka kwa fujo mpishi hakigusi chungu, anagusa kuni. Anavuta mmoja nje, anausugua kichwa chake majivuni mpaka uzime, anaulaza kando kwa ajili ya kesho. Kisha wa pili. Mwisho anaondoa miali yote, anachota makaa kwa kijiti na kuyazungushia kitako cha chungu, anakiegesha kifuniko upande mmoja ili mvuke upate njia. Kelele zinapungua. Viputo vinapanda kimoja kimoja, kinapasuka kimoja, kinasubiriwa kingine. Hapo mpishi anaweza kwenda mtoni, au kisimani, au kwa jirani kumaliza habari ya jana. Nyama haitaungua na haitabaki mbichi. Kazi yote iliyofanyika ni ya kutoa, hakuna kilichoongezwa.

Kitenzi cha hali hiyo tunacho. Maji huchemka, mchuzi hutokota. Najua watu wanavichanganya, na kamusi zinawaruhusu, lakini mimi ningeweka mpaka: kuchemka kuwe kwa moto uliopanda, kutokota kuwe kwa chakula kinachoiva huku kikitoa viputo taratibu. Mfanya tendo wa pwani anatokosa. Wa Kongo anatokosha. Hiyo sh ya mwisho ndiyo inayotujulisha katika soko lolote, na sina nia ya kuomba radhi kwa ajili yake. Mmisionari John Whitehead alipochapisha kitabu chake cha Kingwana mwaka 1928, kwenye misheni ya Wayika kandokando ya Lualaba, lahaja yetu ilikuwa tayari na umri wa miongo kadhaa, imeletwa na waungwana wa misafara ikachukua rangi ya ardhi. Mwaka huohuo, mkutano wa Mombasa ulikuwa ukichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kingwana hakikuwa na kiti mezani. Ndiyo maana leo kutokosha linaitwa kosa, na kutokosa, ambalo halina haki kubwa zaidi, linaitwa lugha.

Sababu ya kuhitaji moto mdogo iko ndani ya nyama. Paja ni kiungo kinachofanya kazi. Mnyama amelitembelea maisha yake yote, na limejaa kano na tando ngumu. Moto mkali unazikaza. Joto la chini ya mchemko, likidumishwa kwa saa kadhaa, linazigeuza kuwa gelatini, ule uteute unaofanya mchuzi ushike vidole na mnofu uachane na mfupa wenyewe. Mama hajasoma kemia hiyo, lakini anasema nyama "imejiachia", na sijaona kitabu kilicholieleza jambo hilo vizuri zaidi kwa neno moja.

Wapwani nao wana mbinu yao ya moto mpole, ya wali: maji yakikaribia kukauka, unapunguza makaa ya chini na kupalia mengine juu ya kifuniko, wali ukauke kwa moto wa juu na chini. Kupalia makaa ni kitenzi chenye adabu ya kazi. Wakenya kwa upande wao wana jikokapu, kikapu kikubwa kilichoshonewa ndani matandiko ya kuzuia joto, na mto mnene wa kufunikia. Maharagwe yanachemshwa kidogo juu ya jiko, sufuria inatumbukizwa kapuni ikiwa moto, mto unafunika, na chakula kinaiva kwa joto lake chenyewe huku jiko limezimwa. Jikokapu ni istilahi ya watu wenye njaa na kuni chache, na haina kasoro hata moja.

Sasa msikilize mwenye mtambo wa umeme alikoutoa. Irving Naxon, mhandisi wa Chicago mwenye asili ya Wayahudi wa Lithuania, alipata hataza ya chombo chake mwaka 1940. Wazo alilipata kwa mama yake, aliyemsimulia jinsi kwao, upande wa Vilnius, jioni ya kuamkia Sabato kila nyumba ilivyopeleka chungu cha nyama na maharagwe kwa mwoka mikate. Siku ya Sabato haruhusiwi mtu kuwasha moto. Tanuri lilikuwa limeshazimwa kwa ajili ya siku hiyo, lakini matofali yake yalibaki na joto, na joto lile lililokuwa likififia usiku kucha liliivisha chungu mpaka kesho yake. Jikokapu kabisa, ila la matofali. Kampuni ya Rival iliinunua kazi ya Naxon mwaka 1970 na mwaka uliofuata ikaiuza kwa jina la Crock-Pot, na Marekani nzima ikaingia jikoni na kuondoka kwenda kazini.

Mtu wa Kasongo hatakosa kuona kichekesho: chombo kilichotokana na watu wasiogusa nguruwe ndicho leo kinachoivisha paja la nguruwe la Krismasi. Chungu hakina dini. Mwislamu wa kwetu anaweza kukipokea bila wasiwasi akakitilia mguu wa mbuzi, na kila nitakalosema hapa chini kuhusu shira litabaki vilevile.

Tukiite nini basi? Nyungu lingenivutia, maana ni jina la kale la chungu kwa Wabantu wengi na bado linasikika Kongo. Tatizo ni kwamba Tanzania nyungu limeshachukuliwa. Hasa tangu mwaka 2020, wakati wa korona, kupiga nyungu ni kujifunika blanketi juu ya chungu cha majani yanayofuka mvuke, na anayeuziwa nyungu ya umeme atatafuta mahali pa kuingiza kichwa. Kisanduku cha umeme kinachopika wali kimeshaitwa raisi kuka, na chenye mgandamizo kinaitwa presha kuka. Naona kabisa sloo kuka ikipiga hodi. Isifunguliwe. Tuna sufuria ya moto mdogo. Ni maneno ya kawaida, hayahitaji maelezo kutoka Lamu hadi Kindu, na yanaeleza chombo kinafanya nini hasa. Kibonyezo chake cha chini ni makaa yaliyozungushwa, cha juu ni ukuni mmoja uliorudishwa.

Linafuata neno ambalo kila mtu anadhani analijua: tamu. Maelekezo ya mpwa wangu yalisema hemu tamu. Lakini kwa Kiswahili nyama tamu ni nyama nzuri, iliyokolea chumvi, yenye ladha. Kumwambia mama kwamba ulipika nyama tamu ni kujisifu tu, hakumwambii kwamba kuna sukari. Utamu wetu ni mpana: unabeba chai, wimbo, usingizi na maneno ya mchumba. Upana huo ni mali, sitaki mtu aupunguze. Ila mtafsiri wa mapishi lazima aache kivumishi akashike kitu chenyewe, aseme nyama ya sukari, ya asali, ya nanasi.

Na kile kitu cha kung'aa? Hapo ndipo nilipofurahi zaidi, maana jibu lilikuwa limekaa kwenye sahani ya futari. Shira. Sukari na maji vikichemshwa mpaka vinate, kaimati zikatumbukizwa humo moja moja, zikatoka zimevaa koti linaloakisi taa. Mapishi ya Wazungu yanadai nyama ivalishwe hivyohivyo: sukari ya kahawia, maji ya nanasi, kijiko cha haradali, pengine asali. Neno shira limeshabeba kila kitu tunachotaka, yaani utamu, unato na mng'ao. Wapo watakaosema shira ni ya vitafunio na haifai nyama. Nani kaweka sheria hiyo? Watu wanaokula pilau na zabibu kavu hawana haki ya kushtuka.

Shira ina masharti yake, na maneno sahihi yanasaidia kuyafuata. Kiweo cha kiwandani mara nyingi kimeshaiva. Sufuria ya moto mdogo inakipasha na kukilainisha, saa nne hadi sita kwa cha kilo tatu au nne. Mafuta ya juu huchanjwa kwanza, mistari ya kukatizana, kina kisifike kwenye mnofu. Kuchanja ni kitenzi kilekile cha chale za mwilini na cha chanjo ya watoto, na kinafaa hapa kuliko kukata, maana lengo ni kufungua njia, si kutenganisha. Ukimimina shira yote tangu mwanzo itageuka mchuzi. Sukari ya kawaida huanza kugeuka rangi kwenye nyuzi 160 hivi, na ndani ya sufuria iliyofunikwa, yenye maji na mvuke, joto halipiti 100. Kwa hiyo haing'ai kamwe humo ndani. Anayejua kazi huchota majimaji ya sufuria, akayachemsha kando kwa moto mkali mpaka yapungue na kunata, kisha ndipo anapokipaka kiweo shira na kukiweka dakika chache chini ya moto wa juu. Moto wa juu! Mpika wali wa Unguja ameshalijua jambo hilo; anahitaji kuambiwa tu kwamba safari hii sufuria haina kifuniko.

Viungo vya shira hiyo si vigeni kwa Kasongo. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa upande wa Wabelgiji mji ulipotekwa kutoka kwa Waarabu Aprili 1893, aliandika katika kitabu chake cha 1897 kuhusu bustani alizozikuta: mananasi, machungwa, makomamanga, mapera, maembe, miwa, na shamba moja la mpunga alilolikatiza juu ya mnyama wa kupanda kwa muda wa saa moja na nusu. Miwa na nanasi vilikuwa uani. Kilichokosekana kwenye shira ni karafuu, ambazo Mzungu huzichomeka moja moja katika kila pembe ya mistari aliyochanja.

Karafuu hizo ndizo zinazonifanya nisiweze kuandika makala hii kwa wepesi wote. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyeifanya Kasongo makao yake na baadaye akayasimulia maisha yake kwa Kiswahili, alifia Zanzibar mwaka 1905 akiwa tajiri mwenye mashamba. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa mpaka utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, na miongoni mwao walikuwamo watu waliotolewa Maniema, waliopita Kabambare, kituo cha misafara baina ya Nyangwe na Ujiji, palepale ambapo Livingstone alilala na vidonda vya miguu mwaka 1870. Kiswahili chetu kilikuja kwa njia ileile waliyopelekewa wao. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Kiswahili cha Kasongo ni cha kuazima, kilichochakaa njiani, kisichofaa kutoa istilahi, namwambia gharama yake ililipwa zamani, tena na sisi.

Kanuni ya watunga istilahi wa Kiswahili inajulikana: tafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha kwingineko Afrika, ndipo uvuke bahari. Ni kanuni nzuri. Inavunjwa kila siku na watu wenye kompyuta na haraka, na lahaja zinazotajwa humo huishia kuwa zile za pwani. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kamisheni yake ya Kiswahili ina makao Zanzibar. Basi kiti kipo sasa.

Ninapendekeza hivi, na anayetaka kunipinga aje na neno bora mkononi: nyama iitwe kiweo cha chumvi, au kiweo cha moshi kikiwa kimepitishwa uchanjani, pako la sukari liitwe shira, hata likiwa juu ya nyama, kazi yake iitwe kutokosa au kutokosha, yote mawili yaandikwe kamusini bila alama ya kosa, na chombo kiitwe sufuria ya moto mdogo. Nawe msomaji wa Kasongo, wa Kabambare, wa Salamabila, wa Kindu: kaa na mama yako au shangazi yako anapoondoa ukuni wa mwisho, umuulize anakiitaje kila anachokifanya, uyaandike maneno yake jinsi alivyoyatamka, kabla mtu wa ofisini hajakutumia yake.